Ripoti Iliyoota Kwenye Kioo

Jumamosi saa mbili asubuhi, baada ya kufagia uwanja na kuchota ndoo mbili za maji, Lidwina Kapinga alivua saa yake, akakunja mkono wa blauzi mpaka juu ya kiwiko, akaingiza mkono ndani ya tangi la samaki akiwa ameshika nusu ya wembe. Alikuwa anakwangua ukijani. Ulikuwa umeota upande wa mbele wa kioo, ule unaotazama kiti, na safari hii ulikuwa umeota kwa mistari.

Alikuwa amefanya kila alichoambiwa. Alilisogeza tangi mbali na dirisha ili jua lisilipige. Alipunguza chakula, akawa anawapa perege wake wawili unga mara moja tu kwa siku. Kila wiki alibadilisha theluthi ya maji, na maji ya bomba aliyaacha ndooni tangu jana yake ili dawa ipungue. Changarawe aliitoa yote akaichemsha kwenye sufuria ya maharage. Umeme wa Songea ulikuwa wa mgao, kwa hiyo pampu ya hewa ilifanya kazi siku moja, ikapumzika siku ya pili. Ukijani haukupumzika.

Alichomoa mkono, akaukausha, akavaa miwani. Juu kabisa palikuwa na kichwa cha habari kwa herufi kubwa, kimepigiwa mstari: YAH: AJALI YA GARI LA MRADI KATIKA MTEREMKO WA KUELEKEA MBAMBA BAY. Chini yake aya ilianza. Kila herufi r ilikaa juu kidogo ya wenzake, kama ilivyokuwa ikikaa kwenye taipureta yake ya kazini, na neno breki lilikuwa limeandikwa berki. Lidwina alisoma mpaka nukta. Kisha akaikwangua aya yote, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku aliyokwangua.

Jumatano aya ilikuwa imerudi, na ya pili imeanza.

Ripoti ile aliifahamu. Aliipiga mwenyewe mwaka wa tisini, alipokuwa mpiga chapa wa mradi wa barabara za vijijini. Lori la mradi lilikuwa limebeba saruji na vibarua wanane, likaishiwa breki kwenye mteremko, likaenda korongoni. Vibarua wanne walikufa. Dereva, mtu wa Tunduru aliyeitwa Salum, alipona na mguu uliovunjika. Fundi wa gereji alileta maelezo yake, Salum akatoa yake akiwa kitandani hospitali, na Lidwina akakaa kwenye mashine kuyaunganisha. Alipofika kwenye maneno "Aliagizwa aende na", meneja, Bwana Ramson Haule, aliingia, akasimama nyuma yake akasoma, akaichomoa karatasi kwenye mashine ikiwa haijaisha. Akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Akamwambia Lidwina aweke karatasi nyingine, akaanza kumsomea. Ripoti ya pili ilisema dereva alikuwa amelewa ulanzi. Lidwina alimaliza kuipiga kwa dakika ishirini, bila kosa hata moja.

Salum alifungwa miaka saba, akafia gerezani katika mwaka wa tatu kwa homa ya mapafu. Mwaka huohuo wafadhili walifunga mradi wakarudi kwao. Wafanyakazi wakapunguzwa wote kwa barua moja, na kila mtu akaondoka na kitu: huyu kiti, yule kabati la mafaili, mwingine mlango. Bwana Ramson alimpa Lidwina tangi la samaki lililokuwa mapokezi. Alisema ni zawadi, kwa kuwa alikuwa mtu mtulivu. Lidwina alilipeleka nyumbani kwake Bombambili kwa mkokoteni, limejaa maji nusu, na perege wakiwa ndani. Hakuwa na mume wala mtoto. Dada yake alikuwa mtawa Peramiho na aliruhusiwa kuja mara moja kwa mwaka.

Jirani yake Walburga ndiye aliyekuwa wa kwanza kusoma. Alikuja kuazima chungio, akasimama mbele ya tangi chungio likiwa mkononi.

"Breki umekosea," alisema.

"Najua."

"Haya mambo ni ya yule dereva Mwislamu?"

"Ndiyo."

"Kumbe hakuwa amelewa," alisema Walburga, akaenda kuchuja uji wa wajukuu zake.

Baada ya hapo watu wakawa wanapita. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja na miwani miwili. Fundi wa zamani wa gereji ya mradi alisoma maelezo yake mwenyewe, akasema ni kweli ndivyo alivyosema, akaomba maji ya kunywa. Bwana Marcelino wa ofisi ya uvuvi alikuja kwa baiskeli baada ya kazi, akachukua maji kwenye chupa, akayatazama kwenye mwanga.

"Huu ni mwani wa kawaida," alisema. "Unaota maji yakiwa na mwanga mwingi na chakula kilichobaki chini."

"Na maneno?"

"Hayo yanatokana na kilichobaki chini." Alifunga chupa. "Maji yako yana mambo mengi yasiyoliwa, dada. Usikwangue kila wiki, unautawanya tu. Uache uone unaishia wapi."

Lidwina akaacha kukwangua. Kufikia katikati ya Juni mwaka wa tisini na tano, ripoti ya kwanza ilikuwa imeota yote. Ilieleza kwamba dereva aliandika mara tatu kwenye kitabu cha gari kuwa breki hazishiki. Ilieleza kwamba dereva hakuwa amelewa, na kwamba hanywi. Ilimalizika pale ilipochomolewa: "Aliagizwa aende na". Baada ya hapo kioo kilikuwa cheupe.

Mwanzoni mwa Julai, mwuza mitumba aitwaye Swalehe, aliyekuwa akipeleka marobota Tunduru, alifikisha habari huko. Wiki mbili baadaye msichana wa miaka kama ishirini na tatu alibisha hodi, kajifunga ushungi mweusi uliogeuka mwekundu kwa vumbi la njia, na mkononi ana kifuko cha korosho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mimi ni Mwamvua. Baba yangu alikuwa Salum, dereva. Nimeambiwa kwako kuna karatasi yake."

"Si karatasi," alisema Lidwina. "Pita."

Mwamvua alisoma akiwa amesimama, kwa sauti ndogo, kidole kikifuata mistari juu ya kioo na perege wakifuata kidole. Alipofika kwenye "hakuwa amelewa" alirudia. Alipofika mwisho alingoja, kana kwamba mtu alikuwa anavuta pumzi ili aendelee.

"Aliagizwa na nani?"

"Haijaota," alisema Lidwina.

"Itaota?"

"Sijui, mwanangu."

Lori la kurudi Tunduru lilikuwa la siku ya tatu. Mwamvua alilala kitandani kwa Lidwina, maana kitanda kilikuwa kimoja, nao ulikuwa msimu wa baridi na upepo wa milima ya Matogoro ulipita chini ya mlango. Alieleza kwamba mama yake, Halima, hajaenda harusini wala matangani tangu hukumu ile. Akiingia, wanawake hunyamaza, kisha mmoja huuliza kama ni kweli ulanzi unatoka kwenye mianzi. Mwamvua mwenyewe aliposwa, wazee wa mvulana wakauliza ni binti wa nani, na hawakurudi tena. Aliyasema hayo akiwa anamenya viazi, bila kulia. Lidwina alikaa kando akipepeta mchele uliokuwa umeshapepetwa.

Asubuhi ya kuondoka Mwamvua aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi, akasema atakuja tena mwezi ujao kuona kama mstari umeendelea.

Alikuja Agosti na akaja Septemba. Mstari ulikuwa palepale. Safari ya Agosti walikwenda pamoja ofisi moja ya serikali mjini. Ofisa aliwasikiliza vizuri, akafuatana nao mpaka Bombambili, akasoma ripoti yote na kuipima urefu kwa rula. Alisema lugha yake ni ya kiofisi na haina tatizo, isipokuwa haina muhuri, haina namba ya jalada, na haijamalizika. Akauliza kama tangi linaweza kuhamishwa. Lidwina akasema likihamishwa maji yatatikisika. Ofisa akasema basi, faili lililopo limeshafungwa, na lililofungwa hufunguliwa kwa karatasi. Akanywa chai, akaondoka.

Safari ya Septemba Mwamvua alimletea Lidwina kanga. Walikwenda sokoni pamoja, na mwuza nyanya akamwambia Lidwina, "Binti yako mrefu, mama." Lidwina hakumsahihisha. Njia nzima ya kurudi alibeba kapu upande wa mkono wa kushoto ili mkono wa kulia ubaki mtupu, na Mwamvua aliushika walipovuka barabara. Lidwina alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na hakukumbuka mtu aliyewahi kumshika mkono kuvuka barabara tangu alipokuwa mtoto.

"Mwezi wa kumi nitakuja na mama," alisema Mwamvua kabla ya kupanda lori. "Hajui kusoma, lakini anataka kuishika mwenyewe. Nimemwambia uko hapa. Anakuombea dua."

Siku nne baadaye, Jumatatu, chini ya ule mstari uliokatika pakaota kichwa kingine cha habari. Lidwina alikijua kabla hakijamaliza kujiandika. Ilikuwa ripoti ya pili. Iliota haraka kuliko ya kwanza, na haikuwa na kosa. "Imethibitika kuwa dereva alikuwa amelewa." Lidwina hakuogopa hayo, kwa sababu kila mtu alishayasikia. Aliogopa mwisho wa ukurasa. Barua zote za mradi zilimalizika kwa mstari mmoja mdogo upande wa kushoto, herufi za aliyesema na herufi za aliyepiga. RH/LK.

Alichukua wembe akakwangua sehemu ya chini ya kioo, asubuhi na jioni, kila siku. Mistari ya ripoti ilizidi kushuka kuelekea hapo.

Bwana Ramson alikuja Jumapili baada ya misa ya pili. Siku hizo alikuwa na mabasi mawili na duka la mabati, na alikuwa amenenepa shingo. Alisalimia vizuri, akaulizia afya ya dada yake mtawa, akavuta kiti akasoma ripoti zote mbili kama mtu anayesoma gazeti la jana.

"Umri unakwenda, Lidwina, na breki bado huiwezi."

"Ndiyo, mzee."

"Ile ya chini ni nzuri. Ile ya juu inachafua kioo." Alitoka nje kwenye gari, akarudi na ndoo ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa. Ndani mlikuwa na samaki wanane wadogo, wa bluu wenye mistari myeusi. "Nimewaagiza kutoka Mbamba Bay. Ni mbuna, samaki wa kwenye mawe. Kazi yao ni kula ukijani, hawali kingine wakiupata. Sitawatia mimi. Tangi ni lako."

Aliiacha ndoo sakafuni, akaaga.

Ndoo ilikaa pale mchana wote. Lidwina alipika, akala, akaosha sahani moja na kijiko kimoja. Alikaa akatazama ukurasa wa pili, uliobakiza mistari mitatu. Alifikiri kwamba samaki hawajui kusoma, na hawataweza kuchagua. Wakila ya chini, watakula na ya juu. Alifikiri pia kuhusu mkono wake wa kulia. Saa kumi na mbili jioni, kabla ya kuwasha taa, aliinua ndoo akawamimina.

Walianzia juu. Walikula kichwa cha habari, wakala maelezo ya fundi, wakala mara tatu za kitabu cha gari. Walifanya kazi kwa utulivu, wakiparuza kioo kwa midomo, na mtu akisogeza sikio alisikia. Jumanne walikuwa wamemaliza "hakuwa amelewa". Alhamisi walimaliza "alikuwa amelewa". Ijumaa kioo kilikuwa safi kama siku tangi lilipotoka mapokezi, isipokuwa chini kushoto, ambapo palikuwa pameota herufi nne na alama ya mkwaju katikati. Mbuna walifika hapo, wakazunguka, wakaenda kuparuza kwingine. Lidwina alikwangua mpaka wembe ukachora kioo. Herufi ziliota ndani ya mchoro.

Jumamosi Mwamvua alifika na mama yake.

Bi Halima alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya mtoto wa kiume. Alikuwa amesafiri siku moja na nusu juu ya magunia ya korosho. Hakukaa wala hakunywa maji, alisema kwanza aonyeshwe. Mwamvua alimshika bega akampeleka mbele ya tangi, kisha akasimama.

"Iko wapi?"

Lidwina alikuwa ameandaa maneno ya kusema kuhusu samaki. Badala yake alichukua kitambaa akafuta kioo.

"Mama Lidwina, iko wapi?" Mwamvua aliinama, akatafuta kwenye kona, akatafuta nyuma. Akaziona herufi zilizobaki. "RH," alisoma. "RH ni Ramson Haule. Na LK?"

Mwamvua alitazama ukutani, kwenye cheti cha chuo cha uhazili kilichowekwa fremu: Lidwina Kapinga, daraja la pili. Alikuwa amekitazama safari zote tatu.

"Ni mimi," alisema Lidwina. "Nilizipiga zote mbili. Ya kweli ilichomolewa, ya uongo nikaimaliza."

"Ulijua?" aliuliza Bi Halima.

"Nilijua."

"Miaka mitano?"

"Mitano."

Bi Halima alikaa kwenye kiti hatimaye, si kwa kukaribishwa. "Mimi miaka mitano siendi harusini," alisema.

"Na samaki nimewatia mimi," alisema Lidwina. "Wamekula yote."

Mwamvua alikuwa bado ameinama. "Kwa nini hukuniambia? Nimelala kitandani kwako mara tatu."

"Ungeacha kuja."

Mwamvua alinyoosha mgongo, akaufunga vizuri ushungi wake. "Sasa naacha."

Alitaka kutoka, lakini mama yake alimzuia kwa mkono. "Ngoja. Nimekuja kuisikia, na huyu aliiandika. Sema," alimwambia Lidwina. "Kama ilivyokuwa, usiruke."

Lidwina alisimama katikati ya chumba, mikono kando kama mwanafunzi. Alianza na kichwa cha habari. Alisema aya ya kwanza, ya pili, maelezo ya fundi, kitabu cha gari, maneno ya Salum kitandani. Aliyakumbuka yote na nukta zake. Bi Halima alisikiliza macho yakiwa chini. Pale kwenye ulevi akasema, "Rudia hapo."

"Dereva hakuwa amelewa. Dereva hanywi."

"Tena."

Lidwina akarudia. Kisha akafika kwenye mstari wa mwisho, ule ambao haukuwahi kuota, wala kupigwa. "Aliagizwa aende na meneja, Bwana Ramson Haule, aliyekuwa ameambiwa kuhusu breki asubuhi hiyo mbele yangu mimi, mpiga chapa."

Samaki waliendelea kuparuza kioo kwa midomo.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Halima. Aliinuka. Alipofika mlangoni aligeuka. "Mahakamani ulikuwepo?"

"Hapana. Sikuitwa."

"Ungeenda tu," alisema Bi Halima. "Mimi pia sikuitwa, na nilikwenda."

Hawakulala kwa Lidwina. Walilala kwa Swalehe mwuza mitumba, karibu na msikiti, na Jumatatu wakaondoka.

Lidwina alikwenda ofisini wiki hiyohiyo, akasema yote mbele ya ofisa aliyeipima ripoti kwa rula. Ofisa akamtolea jalada aone. Ripoti ya pili ilikuwemo, kavu, ina muhuri, kila r imeinuka. Lidwina aliomba kuongeza karatasi moja. Ofisa alisema jalada lililofungwa haliongezwi karatasi, akamuuliza kama zile herufi chini ya kioo bado zipo. Lidwina akasema zipo. Ofisa akasema hilo angalau linalingana na jalada.

Mvua zikaanza, na barabara ya Tunduru ikafungwa kwa tope. Bwana Ramson aliongeza basi la tatu. Watu hawakupita tena kwa Lidwina, kwa kuwa hakukuwa na cha kusoma ila herufi nne, na maana yake ilikuwa imeshajulikana mtaani. Walburga akawa anaazima chungio kwingine.

Mwezi wa kwanza, mbuna jike mmoja aliacha kula. Shavu lilimvimba, mdomo akaufunga. Bwana Marcelino, aliyeingia kujikinga mvua tu, alimtazama akasema si ugonjwa. Samaki hawa hubeba mayai mdomoni, na watoto wakitotolewa huendelea kuwabeba humohumo. Kwa wiki tatu hawezi kula wala kupanua mdomo, la sivyo atawapoteza.

"Na baada ya hapo?"

"Anafungua," alisema Bwana Marcelino, akavaa koti lake la mvua.

Lidwina alihesabu siku. Kila jioni alivuta kiti akakaa karibu na kioo, na samaki yule alizidi kukonda kichwa kikizidi kuwa kikubwa. Siku ya ishirini na mbili, saa kumi alasiri, mvua ikipiga bati, jike alishuka mpaka kwenye changarawe na kufungua mdomo. Wakatoka watoto wadogo kama punje za mtama, mmoja baada ya mwingine, kumi na mmoja. Kila mmoja alikuwa tayari na mistari yake.

Lidwina alicheka kwa sauti, akageuka haraka ili amwambie mtu.